Masikio ya Mzee Musau

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, jua la Kawangware limelalia mabati kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati, na mimi nimepiga magoti mbele ya boksi ya spika nikiwa na mshumaa unaowaka mkononi. Mchana kweupe. Mtu akipita angedhani naombea mbao. Lakini hiyo ilikuwa kazi, na ni kazi niliyoiharibu mwenyewe kwa mikono yangu na ulimi wangu, na nataka nikueleze vile niliiharibu kabla sijachoka kuliko vile nimechoka.

Maana nimechoka. Usinione nimekaa hapa nje ya kibanda changu, hapa Kibera, kati ya mitaa ya Ayany na Raila, natafuna hindi la kuchoma kwa upande mmoja wa mdomo, ukafikiri mzee anapumzika. Magoti yanauma, vumbi la mbao limeshakaa kifuani limepanga chumba, na bado kuna kitanda cha mtu hapo ndani kinangoja miguu. Asubuhi vijana wawili wamenipita wamebeba boksi ya spika waliyoigonga wenyewe, wamefundishwa na simu. Nikawauliza, hiyo mmeziba kona? Mmoja akaniita babu kwa Kikuyu, "Guka, iko fiti." Hakuiangalia hata. Alisema tu iko fiti, wakaenda. Hiyo "iko fiti" imenikaa rohoni mpaka sasa saa saba. Ndiyo maana unaniona naandika badala ya kugonga miguu ya kitanda.

Sikusoma sana. Darasa la nne, huko Machakos, halafu ng'ombe wakakufa na karo ikaisha. Nilikuja Nairobi kijana mwenye nguvu na shati moja zuri, nikapanga chumba Kibera, kazi nikapata Kawangware kwa mzee mmoja wa kwetu, Mzee Musau, fundi wa mbao. Kila asubuhi nilitembea, nikapita mtaa wa Olympic, nikavuka Ngong Road, nikashika Naivasha Road mpaka kwake. Siku hizo miguu yangu haikujua kulalamika. Sasa nikienda tu kununua maziwa inaniuliza, unaenda wapi na sisi?

Mzee Musau alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, penseli nyuma ya sikio, koti la kaki mvua na jua. Alikuwa amefanya kazi ujana wake wote katika kiwanda cha samani, kwa mashine kubwa za kukata mbao, halafu wakamwambia asante, nenda nyumbani. Hakwenda nyumbani. Alifungua karakana yake ya mabati, akawa anatengeneza vitanda, makabati, na baadaye boksi za spika, kwa sababu kila kanisa na kila kinyozi alitaka spika, na za duka si kila mtu angezifikia.

Wacha nikueleze boksi ni nini, maana wengi wanadhani ni sanduku tu la kuficha nyaya. Spika yenyewe, lile koni la karatasi na sumaku, ukiliwasha bila boksi linapiga kelele kama mtu mwenye koo na hana kifua. Boksi ndiyo kifua. Unakata mbao, unaziunganisha, kila kona kwa ndani unaweka kipande cha mbao cha kushikilia, gundi na skrubu, halafu unatia sponji ya godoro kuukuu ili sauti isirukeruke humo ndani. Pumzi ya spika inatakiwa itoke kwa lile tundu la mbele ulilolikata kusudi. Ikipata ufa mwingine wa kutokea, besi inakufa, na boksi inaanza kuzomea. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta sijui kama walikuwa mafundi wa spika, lakini walijua.

Basi ndiyo kazi ya mshumaa. Mzee Musau alikuwa na desturi hiyo: unaunga spika kwa amplifaya, unapiga besi nzito, halafu unapitisha mshumaa polepole kila kona, kila mshono. Moto ukisimama wima, endelea. Moto ukilala, hapo kuna ufa, rudi ukarekebishe. Mimi nilidhani ni siri ya ufundi. Nilikaa naye miezi mingi nikijivuna kwa watu wa Kibera kwamba mzee wangu ana dawa ya moto.

Halafu siku moja niliangusha patasi nyuma yake, ikagonga chuma, kelele ya kuuma meno. Hakugeuka. Nikamwita, "Mzee." Kimya. Nikamwita tena, "Mzee Musau!" Alikuwa anapiga randa, anaimba. Nilipozunguka akaniona uso, akaacha randa.

"Umejua," akasema.

"Nimejua nini, Mzee?"

"Usinifanye mtoto, Mutua. Masikio yangu yalibaki kule kiwandani. Sauti nene naisikia kwa kifua na kwa nyayo. Nyembamba zimeenda, sijui zilienda lini." Akashika penseli, akairudisha nyuma ya sikio. "Sasa usimwambie mtu. Fundi wa spika kiziwi ni kama mpishi asiye na ulimi. Nani atakula kwake?"

Tangu siku hiyo, kila boksi ikiisha, alikuwa ananigeukia na kuniuliza, "Inalia vizuri?" Nami namwambia, hapa inalia, hapa inakwaruza. Mshumaa ulikuwa macho yake na mimi nilikuwa masikio yake. Kijana wa miaka ishirini na miwili, mwanangu, amepewa masikio ya mtu mzima ayachunge. Nilifurahi kama nimepandishwa cheo. Sikufikiri kwamba ni mzigo.

Sasa kanisa la kina Mzee Musau hapo Kawangware lilikuwa limeongezwa mabati, limekuwa kubwa, sauti ya mhubiri haifiki nyuma. Wakataka boksi mbili kubwa. Wazee wa kanisa wakagawanyika. Kulikuwa na Mama Ndunge, kiongozi wa kwaya, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji na maneno ya kukilaza. Yeye alitaka za duka la mjini. "Ya duka ikiharibika unajua unarudi wapi," alikuwa akisema mbele ya Mzee mwenyewe. "Ya Musau ikiharibika tutarudi wapi? Kwa Musau? Na Musau ndiye ameiharibu!"

Watu wakicheka, Mzee naye anacheka, na mimi nilijua hajasikia nusu.

Mwishowe wakakubaliana hivi: Musau atengeneze boksi. Zikilia vizuri Jumapili ya kufungua kanisa, atapewa mabenchi yote na mimbari. Hiyo ilikuwa kazi ya karibu mwaka. Mzee aliniambia tukinywa chai, "Hii ikikubali, Mutua, nikimaliza hayo mabenchi nafunga milango, naenda Machakos nikiwa fundi. Isipokubali, watauliza kwa nini, na wakiuliza kwa nini watajua." Akagusa sikio lake. "Basi nitaenda Machakos nikiwa kiziwi."

Unaona alivyokuwa ameiweka. Hakuificha. Niliijua hesabu yote.

Na bado.

Sasa nisikilize ujinga wa kijana. Vipande vya kona, vile vya ndani, Mzee alikuwa amenichagulia mbao nzuri, kavu, ya mti uliokaa. Akaniambia nikate. Siku hiyo mawazo yangu yalikuwa Ayany, kwa msichana mmoja anaitwa Rhoda aliyekuwa anafanya kazi ya nyumba huko, na ambaye alikuwa na nafasi Jumamosi jioni tu. Nilikuwa nakata mbao huku nafikiria nitamwambia nini. Nikavikata vifupi. Si kimoja, vyote vya boksi moja. Nikasimama nikaviangalia kama mtu ameangusha sufuria ya uji wa watu.

Ningemwambia. Ni neno moja tu. "Mzee, nimekata vifupi." Lakini niliona haya, na haya ya kijana ni kitu kijinga, inamfanya afiche kidonda mpaka kioze. Mficha uchi hazai, walisema.

Kwetu Kibera, karibu na chumba nilichopanga, nyumba kadhaa zilikuwa zimebomolewa kupisha barabara. Mbao zake zimelundikwa, watu wanachukua za kupikia. Nikachukua mbili. Zilikuwa zimepakwa oili chafu ya gari, ile mafundi wanapaka nguzo zisiliwe na mchwa. Mwanangu, kila fundi wa Nairobi anajua gundi haishiki mbao yenye oili. Hata mimi nilijua. Lakini nikapiga randa mpaka zikang'aa, zikawa nyeupe kama mpya, nikajiambia oili imeisha na maganda. Haikuwa imeisha. Oili inaingia ndani ya mbao kama deni la ukoo. Nikizishika karibu na pua bado nilisikia gereji.

Mzee hakunusa, kwa sababu ndani ya karakana kulikuwa na gundi ya zulia, ile tunayobandikia zulia jeusi juu ya boksi, na hiyo harufu yake inafukuza hata nzi.

Ndiyo tunafika Jumamosi ile. Mzee alikuwa ameitwa kwa kikao cha wazee wa kanisa, akaniachia nimalizie. Mpiga kinanda wa kanisa, kijana mmoja Mjaluo tuliyekuwa tunamwita Odhis, akaleta amplifaya na kinanda chake tujaribu. Akapiga besi. Boksi ya kwanza ikasimama kama mwanaume. Ya pili ikaanza, mmmm, halafu chini yake kitu kinafanya zzzz.

"Niaje, Mutua," Odhis akasema, "humo ndani umefungia nyuki?"

"Ni waya tu."

"Waya gani unakula asali?"

"Wewe piga kinanda, wacha maneno."

Nikawasha mshumaa. Kona za juu, moto umesimama. Kona ya chini, upande wa dirisha, moto ukalala kabisa, karibu unichome kidole. Odhis akaona. Akaanza kukunja nyaya zake. "Sasa si utafungua?" akauliza.

"Nitafungua."

Sikufungua. Kufungua ilikuwa ni kutoa skrubu zote, kutafuta mbao nyingine, kungoja gundi ikauke siku nzima, na Rhoda alikuwa ananingoja saa kumi na moja. Nikagonga misumari miwili. Nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikapaka kwa ufa kama mtu anayepaka mtoto mafuta apelekwe kanisani. Nikavuta zulia juu, nikapiga pini. Ukiangalia, hakuna boksi nzuri kama hiyo Kawangware yote.

Mzee akarudi kama saa kumi. Alikuwa amefurahi. Akaizunguka boksi, akaipapasa, akaweka mkono juu yake kama mtu anayesalimia ng'ombe.

"Mshumaa ulisimama?"

"Ulisimama, Mzee."

"Kona zote?"

"Zote."

"Inalia vizuri?"

"Inalia kama kengele."

Akanipiga bega. Ndiyo hilo tu. Akanipiga bega akasema, "Nenda basi, najua una haraka." Nikaenda. Na Rhoda, ikiwa unataka kujua, hakuja. Nilisimama kwa geti la watu Ayany mpaka askari akaniuliza kama natafuta kazi. Aliolewa baadaye na dereva wa lori. Haraka yangu yote hiyo.

Jumapili kanisa likajaa mpaka nje. Mzee alivaa koti la harusi yake, likiwa limembana. Wakamkalisha kiti cha mbele kabisa, kando ya boksi ile ile ya pili, kwa heshima. Mimi nilisimama mlangoni. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole, nikapumua. Wimbo wa pili ulikuwa ule wa kwetu wa kupiga makofi, na Odhis hana budi, anapiga besi.

Boksi ikaanza. Zzzz. Halafu trrrr, kama mtu anatikisa debe la misumari. Watu wakaangaliana. Watoto wa mbele wakaziba midomo. Odhis akanitafuta kwa macho mpaka mlangoni, akapunguza mkono wa kushoto, lakini kwaya ilikuwa imeshachemka, haingoji mtu.

Na Mzee Musau anatabasamu.

Hiyo ndiyo sitaisahau. Besi ilikuwa inamfika kifuani na kwa nyayo, basi yeye alikuwa anapiga mguu chini, anatikisa kichwa, anageuka kuangalia watu nyuma kwa furaha, kama mtu aliyeleta chakula na anaona wageni wanakula. Na watu wanacheka. Yeye akaona wanacheka, akadhani wamefurahi, naye akacheka nao. Mama Ndunge akatoka kwa kwaya, akainama karibu naye, akapiga kelele, "Musau! Zima hiyo kitu! Inalia kama debe!"

Mzee akamshika mkono kwa mikono miwili. "Asante mama," akasema. "Asante sana. Mungu akubariki."

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini ardhi haipasuki kwa sababu ya mwongo mmoja. Iliyopasuka ni boksi. Misumari yangu miwili ikaachia, ubao wa pembeni ukafunguka, na sponji ya godoro ikatoka nje ikaning'inia. Hiyo Mzee aliiona kwa macho. Tabasamu likakaa usoni kidogo bila mwenyewe, halafu likaondoka. Akainuka, akaweka kiganja juu ya boksi, akamwinulia Odhis mkono. Kinanda kikanyamaza. Akageuka akanitafuta mpaka akanipata mlangoni. Mimi niliangalia viatu.

Angeweza kusema, ni huyu. Alikuwa na haki. Badala yake akawageukia watu.

"Ndugu zangu, boksi ni yangu na aibu ni yangu. Nilikuwa nimekaa hapa nacheka kwa sababu sisikii. Miaka sasa. Sauti nyembamba sizisikii kabisa. Ilifaa niwaambie kabla sijachukua kazi yenu. Nitazichukua hizi, nitazileta zikiwa sawa."

Akaketi. Hakuna aliyecheka tena. Mhubiri akahubiri kwa mdomo wake mtupu.

Ibada ilipoisha tukazitoa tuziweke kwa mkokoteni. Boksi nzito, na Mzee alikuwa amelegea. Mama Ndunge akaja, akashika upande mmoja bila kuitwa, na kitambaa chake cha kwaya kichwani. Alipomaliza akasimama karibu na sikio lake, akasema kwa nguvu lakini bila ukali, "Musau, ungesema tu. Sisi tungekuimbia karibu." Mzee akaitikia kwa kichwa. Sijui kama alisikia. Halafu akashika mkokoteni kwa mbele, na lile koti lake la harusi, akavuta. Mimi nikasukuma nyuma. Hivyo mpaka karakana.

Jumatatu akafungua boksi. Akatoa kipande cha kona, kikatoka kwa vidole tu, bila kulazimishwa. Akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kibera, Mzee. Kwa zile nyumba zilizobomolewa."

"Ina oili."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na moto?"

"Ulilala."

Alikuwa anaangalia midomo yangu, anaisoma. Ilibidi niyaseme maneno hayo nikiwa nimemwangalia usoni, maana nikiinamisha kichwa hapati kitu. Hebu jaribu siku moja kuungama hivyo uone.

"Vile nilikupa mimi vilienda wapi?"

"Nilivikata vifupi. Niliona haya kukuambia."

Akaketi juu ya benchi ya kazi. "Ungeniambia ningecheka," akasema. "Mimi nimekata fupi mbao za kutosha kujenga daraja mpaka Ukambani. Hiyo ni kazi. Kila mtu anakata fupi." Akakiweka kile kipande chini. "Lakini mtu anayesikia ukimdanganya, ana nafasi ya kukushika. Atasikiliza mwenyewe, atasema hapana, hii inazomea. Mimi nilikuwa nimekupa hiyo nafasi yangu yote, Mutua. Sikubaki na nyingine."

Hakuinua sauti. Afadhali angenipiga. Nikaanza kukusanya vitu vyangu, nyundo na lile shati langu zuri.

"Unaenda wapi?"

"Nilidhani umenifukuza."

"Nikikufukuza nitasikia na masikio ya nani?"

Usidhani alisema hivyo kwa upole. Alisema kama mtu aliyechoka, ambaye ana kikombe kimoja, na kimepasuka, na kiu iko. Leo ndio namwelewa, kwa sababu nami nimechoka vile vile.

Tukaijenga upya. Mbao kavu, gundi, tukaibana, tukangoja. Siku ya nne Odhis akaja na kinanda, na Mama Ndunge akaja na wazee wawili wa kanisa, wakasimama mlangoni wakiwa wamekunja mikono. Mshumaa Mzee aliupitisha mwenyewe. Moto ukasimama kila kona. Wazee wakaanza kutikisa vichwa, kwamba ni sawa. Halafu akanigeukia mbele yao wote, akauliza kama siku zote.

"Inalia vizuri?"

Mwanangu, ilikuwa karibu vizuri. Karibu kabisa. Besi imetulia, imejaa. Lakini juu kabisa, Odhis akigusa sauti fulani, kulikuwa na kitu kinakwaruza kidogo tu, kama ukucha kwa kitambaa. Ni wavu wa mbele, ule wa chuma unaokinga koni, ulikuwa haujakazwa. Wazee hawakusikia. Mama Ndunge mwenye masikio yake hakusikia. Na Mzee Musau hangesikia mpaka kiama. Ningesema ndiyo, boksi zingeondoka, na ninadhani labda, labda tu, mabenchi yangerudi mikononi mwake. Niliwaza hayo. Siwezi kukudanganya kwamba sikuwaza.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Inakwaruza. Hapo kwa wavu."

"Aii, Mutua!" Odhis akasema. "Hiyo ni kitu kidogo! Nani atasikia?"

Mmoja wa wazee akacheka kwa pua, akamwambia mwenzake kitu, wakaondoka wakisema watarudi. Mzee Musau hakuwaangalia. Alikuwa bado anaangalia midomo yangu, kama hataki neno lile lipotee. Halafu akatia mkono mfukoni mwa koti la kaki, akatoa bisibisi, akanipa.

Mabenchi hakupewa. Walimpa fundi mwingine, kijana mwenye masikio. Boksi walizichukua, na zilikaa kanisani humo miaka, na kila nikipita nilizisikia zinaimba bila kuzomea. Mimi nilifanya kazi kwake miaka miwili zaidi. Kila boksi aliniuliza, kila boksi nilimjibu, na mara nyingi jibu lilikuwa hapana. Halafu magoti yakamshinda akaenda Machakos, si vile alivyotaka kwenda. Habari ya kifo chake ilinifika mazishi yakiwa yameshapita. Nilikuwa nimempangia maneno ya kumwambia. Maneno hayo ninayo bado, na hayana wa kumpa.

Sasa wewe, mwanangu. Siku moja kuna mtu atakupa kitu chake ambacho hana kingine. Pengine ni mama yako hajui kusoma, anakupa barua ya hospitali umsomee. Pengine ni mzee haoni vizuri, anakuuliza hii ni rangi gani, kama gari limefika, kama mtoto anapumua. Mtu wa namna hiyo hawezi kukushika ukidanganya. Ndiyo maana kumdanganya ni rahisi, na ndiyo maana ni dhambi yenye uzito wake. Ukikata mbao fupi, sema nimekata fupi. Sema siku hiyo hiyo, ikiwa bado ni kipande kidogo mkononi mwako, kabla hujaipaka na kuifunika zulia ikaenda kusimama mbele za watu. Aibu ya mapema ni ndogo, inaingia mfukoni. Na usiseme iko fiti kwa sababu una haraka. Kama hujaangalia, sema sijaangalia. Kama inazomea, sema inazomea, hata kama neno hilo litafunga mlango uliotaka ufunguke. Mimi nililisema likafunga mlango, na sijawahi kulijutia. Lile lingine, la kengele, nimelijutia maisha yangu yote na bado.

Sijakwambia haya kwa sababu mimi ni mwema. Nakwambia kwa sababu jirani yangu akiwasha redio sasa naisikia kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, na juzi nilimwuliza kijana mmoja kama msumeno wangu unalia vibaya, nikajikuta naangalia midomo yake.

Basi nenda na Mungu. Akupe kazi ya kukuchosha na usingizi wa kukupumzisha. Akupe wazee wa kukukemea ukiwa bado kijana, na siku za kuwashukuru kabla hawajaenda. Na siku nguvu zako zitakapopungua, ukalazimika kumwuliza mwingine kama dunia bado iko sawa, akuweke karibu na mtu atakayekuangalia usoni na kukuambia kweli.